Mume Wetu Yuko Safarini

Ilikuwapo nchi moja, na kama bado ipo, hilo waulizwe wenye nchi. Ilikuwa nchi ya amani sana. Amani yenyewe ilikuwa na wizara, wizara ilikuwa na geti, na getini alikaa askari wa kumuuliza kila ajaye anakwenda kwa nani. Mvua ikinyesha katika nchi hiyo, ni juhudi za viongozi. Isiponyesha, wananchi walishukuriwa kwa uvumilivu wao.

Pamoja na neema nyingine ilikuwapo Bodi ya Kutazama Kwanza. Kazi ya Bodi ilikuwa kutazama kila sinema na kila tamthilia kabla ya watu wengine, ili kama kuna uchafu uwaingie wao, wananchi wabaki salama. Ilikuwa kazi ya kujitoa mhanga. Wakikuta kipande kibaya walikirudia, wapate uhakika. Kikiwa kibaya kupita kiasi, Mwenyekiti alikichukua akaenda nacho nyumbani, maana alikuwa mtu wa kujituma, hakujali hata Ijumaa. Mwenyekiti huyo aliitwa Mheshimiwa Mwinchande Tambo. Mwili wake ulikuwa mkubwa na sauti yake nyembamba, kama mluzi uliotumbukia ndani ya pipa.

Chini yake alikuwapo Semeni, na Semeni kazi yake ilikuwa sauti. Tamthilia za nje zilikuja na lugha za kwao, na Bodi ilikuwa na mwanamume mmoja wa kusema maneno ya wanaume wote na mwanamke mmoja wa kusema ya wanawake wote. Malkia akisema, ni Semeni. Kijakazi akimjibu malkia, ni Semeni. Mama mkwe akimfukuza mkaza mwana, Semeni anamfukuza Semeni, na Semeni anatoka akilia. Nchi nzima iliijua sauti yake, na sokoni hakuna aliyemjua sura. Maneno aliletewa yameandikwa, yamekwisha kufuliwa na kuanikwa na Bodi. Yeye alikuwa wa kuyavaa tu.

Nyumbani Semeni alikaa na Riziki. Watu waliwataja pamoja kama watajavyo chumvi na ndimu. Kitanda chao kilikuwa kimoja kwa sababu chumba walichopanga kilikuwa kidogo. Walipojenga nyumba ya vyumba vitatu kitanda kikabaki kimoja, kwa sababu ya mazoea. Majirani walikuwa watu wa kumcha Mungu. Waliona, wakaona tena, wakaendelea kuja kuazima kinu.

Riziki alikuwa mwanamke wa kifua na maneno. Uani kwao aliezeka banda, akatia televisheni na mikeka, na alasiri wanawake wa mtaa walikuja kutazama tamthilia na kuwatukana waliomo. Semeni yeye nyumbani hakusema sana. Sauti aliimaliza kazini.

*

Siku zile ndipo lilipotokea Lile.

Lile lilikuwa jambo la wanawake wawili kupendana ndani ya sinema. Bodi haikulitaja kwa jina, maana ilielezwa kwamba kulitaja ni kulitangaza, kulitangaza ni kulifundisha, na kulifundisha bila kibali cha Wizara ya Elimu ni kosa. Afisa mmoja alipendekeza sheria iwe ya kuzuia mashoga wa kike. Afisa wa pili akasema mama yake mzazi anaita shoga kila jirani, na muuza dagaa pia, kwa hiyo wa kwanza kukamatwa atakuwa bibi kizee wa watu mwenye tasbihi mkononi. Wakakuna vichwa. Mwisho ikaandikwa: Sheria ya Kuzuia Lile.

Wananchi wakauliza, lile lipi? Wakajibiwa, nyinyi mnalijua. Wasiolijua wakaona haya kubaki nyuma, wakaenda kuulizia kwa wenzao. Ndivyo Lile lilivyofika hadi vijiji visivyo na umeme.

Mwanzoni Bodi haikupata shida, kwa sababu watengenezaji sinema wa nje walikuwa na desturi yao. Wakionyesha wanawake wawili wanapendana, lazima mmoja wamuue. Mheshimiwa Tambo aliwasifu hadharani.

"Hawa wenzetu wa ng'ambo wana mabaya mengi," alisema siku ya semina, "lakini katika hili la kuua, nawavulia kofia. Filamu yenye Lile inaruhusiwa, mradi mmoja afe. Akifa mapema, bora zaidi."

Kwa hiyo kazi ya Semeni ikawa kufa. Alikufa kwa kifua, akafa kwa maji, akafa kwa risasi iliyokuwa ya mtu mwingine. Akirudi nyumbani Riziki humpokea kwa swali moja.

"Ehe, mwenzangu, leo umekufa na nini?"

"Farasi."

"Juzi si ilikuwa treni?"

"Treni ilikuwa ile nyingine, ya mwalimu wa piano."

"Loh! Nchi zao zina hatari. Sisi huku na mabarabara haya mbona tupo?"

Bandani, mbele ya wanawake wenzake, Riziki alikuwa mkali kuliko Bodi. "Tazama hao," alisema akiionyesha televisheni kwa kipepeo chake cha ukili. "Wakipendana tu mvua inanyesha. Wakishikana mikono, mmoja anakohoa. Mwanamke akikohoa sinemani, shoga, kata sanda. Na huko kutazamana dirishani! Jua linatoka mpaka linazama wanatazamana, hakuna hata mmoja wa kumuuliza mwenziwe, umekula?"

"Labda wameshiba mapenzi," alisema Bi Kidawa, jirani yao, mke wa pili wa bwana mmoja fundi seremala.

"Mapenzi hayashibishi mtu. Aliyetunga hii hajakaa na mwanamke nyumba moja hata wiki. Wapi wanagombea ndoo? Wapi mmoja anakoroma? Wanavuana nguo kama wanamenya ndizi, halafu mmoja anagongwa na treni. Hiyo si sinema, hiyo ni ajali."

Wanawake wakacheka mpaka mtangazaji wa habari akaingia bila kusikiwa.

*

Kisha ikaletwa tamthilia ya wanawake wawili waliofungua duka la mikate.

Bodi ilikaa kuitazama ikiwa na kalamu tayari kuandika saa ya kifo. Sehemu ya kwanza hawakufa. Ya pili wakagombana kwa ajili ya pazia la dirisha, wakapatana, hawakufa. Katika sehemu moja yule mrefu akaanza kukohoa, na wajumbe wote wakasimama kwa matumaini. Kumbe ni unga. Waliendelea hivyo mpaka nywele za wale wanawake zikawa nyeupe, wakikandana miguu jioni na kubishana nani aliacha tanuri linawaka.

"Mbona hawafi?" aliuliza Mheshimiwa Tambo kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

Kuizuia hawakuweza, maana ilikuwa zawadi ya nchi rafiki, ile iliyowajengea jengo la Bodi. Wakafikiri siku nyingi, na posho zikawasaidia kufikiri. Ndipo Mheshimiwa Tambo akapata ufunuo. Katika nchi hii, alisema, wanawake wawili wanaokaa nyumba moja kwa heshima wanajulikana. Ni wake wenza!

Wajumbe wakapiga makofi. Ikaamriwa kwamba katika kila sehemu Semeni aseme, isipungue mara moja: mume wetu yuko safarini.

Semeni akasema. Wale wanawake wakifungua duka asubuhi: "Mume wetu yuko safarini." Wakikanda unga: "Sijui mume wetu huko safarini anakula nini." Kulikuwa na mahali walipobusiana, na Bodi ilipata tabu kubwa hapo. Mwisho Semeni akaletewa maneno ya kusema wakati midomo inaachana: "Hizo ni salamu za mume wetu. Ameniagiza nikufikishie."

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Lakini palipokuwa na ugomvi wa pazia na wa tanuri, Bodi iliandika tu "wanagombana kwa adabu", ikamwachia mwenyewe. Na Semeni, ambaye hakujua ugomvi mwingine wowote, akautia wa nyumbani kwake.

Alasiri ya kwanza Riziki alikuwa ameshika kipepeo tayari kutukana. Yule mrefu akamgeukia mfupi kwenye televisheni na kusema, "Ukinuna nuna, lakini uji unywe." Riziki akakishusha kipepeo. Hilo lilikuwa neno lake. Alilisema jikoni kwake mwezi uliopita, akiwa na mwiko mkononi. Akatazama mpaka mwisho hakusema kitu, na wanawake wakamuuliza kama anaumwa.

Usipime jinsi ile tamthilia ilivyopendwa. Soko lilifungwa mapema. Na jambo ambalo Bodi haikulitia hesabuni ni kwamba nchi ile ilikuwa na wake wenza wa kweli.

"Mimi uke wenza naujua," alisema Bi Kidawa, "nimeukalia na kuulalia. Mwenzangu yule sijawahi kumtazama hivyo hata siku alipoondoka duniani. Hawa si wake wenza."

"Labda ni kwa sababu mume hayupo," akasema mwingine.

"Hapo sasa! Huyo ndiye mume. Hana kelele, hana suruali ya kufua. Jamani, nyumba ile ina raha."

Neno hilo likatoka bandani likaenda mjini. Wanawake wakaanza kuwauliza waume zao kwa upole kama hawana safari. Bi Kidawa alimfungia bwana fundi begi bila kuombwa. Malalamiko ya wanaume yakafika Bodi kwa mafungu, na baadhi yaliandikwa na wajumbe wenyewe.

Hapo Mheshimiwa Tambo akaona kwamba huruma imemponza. Akapiga meza.

"Auawe mmoja," alisema. "Kama wenyewe walishindwa kumuua, sisi tunaweza. Tutamzika hapa hapa, mubashara, nchi nzima ione mwisho wa Lile."

*

Wajumbe wakauliza, sura zitafananaje na zile za wageni? Mwenyekiti akawajibu kwamba uzuri wa msiba ni kufunika. Marehemu atakuwa chini ya shuka, na yule aliyebaki atakuwa ndani ya buibui, akilia. Sauti nchi nzima inaijua. Basi Semeni atatokea mwenyewe.

Akaitwa ofisini, akapewa maneno yake. Yalikuwa machache: "Ahsante kifo. Umeniokoa na mwovu huyu. Simlilii. Sasa narudi kuwa mwanamke."

Semeni akayasoma akiwa amesimama. "Mheshimiwa, haya siyawezi. Labda atafutwe mwingine."

Mheshimiwa Tambo akatabasamu, na katika nchi ile kutabasamu kwa mkubwa hakujawahi kumletea mtu heri. "Bi Semeni, hivi unakaa na nani vile?"

"Na mwenzangu, Riziki."

"Ehee. Nasikia nyumba ina vyumba vitatu. Na nasikia kitanda..." Akaacha hapo, akapanga kalamu zake. "Sheria yetu mpaka sasa ni ya mambo ya kwenye televisheni tu. Ikitoka kwenye televisheni ikaingia majumbani, mimi nitasikitika sana. Nenda kajifunze maneno."

Semeni alikwenda nyumbani, akamkuta Riziki anachambua mchele, akamweleza yote. Riziki akamwambia ayasome yale maneno. Akayasoma kwa sauti yake ya nyumbani, iliyo ndogo.

"Narudi kuwa mwanamke?" Riziki akauliza. "Kwani alikuwa nini, kabati?"

"Riziki, usinichekeshe. Nisiposema watatutenganisha. Wewe watakupeleka kwa kaka yako, mimi sijui wapi."

"Na ukisema?"

Semeni akaikunja karatasi. Riziki akaendelea kuchambua, chuya huku, mchele huku.

"Umekufa mara nyingi mbele yangu, sijasema," alisema baadaye. "Kufa ni kazi yako, na kazi ni kazi. Lakini wale wa mikate ni sisi. Usinikatalie, maneno yangu umewapa wewe mwenyewe, hata la uji. Sasa ukisimama mbele ya nchi ukasema hunililii, hao wa Bodi hawatakuwa na haja ya kututenganisha. Utakuwa umewamalizia kazi. Usirudi hapa, Semeni. Sisemi kwa hasira."

Kweli hakusema kwa hasira, na hapo ndipo Semeni alipoogopa.

Huku nyuma Bodi ilikuwa haijapata maiti. Walimwendea huyu na yule wakiwaahidi maposho, lakini hakuna mwanamke katika nchi ile aliyekubali kulala kwenye jeneza angali anapumua. Waigizaji wakasema wana safari. Mfagiaji wa Bodi akasema bora afukuzwe. Riziki aliposikia, akajifunga khanga, akaenda mwenyewe getini.

"Unakwenda kwa nani?" askari akamuuliza.

"Nakuja kufa."

Akaingizwa moja kwa moja. Nchi ile ilikuwa na mlango mwepesi kwa wenye haja hiyo.

Semeni aliposikia alimshika mkono ukumbini kwao. "Una wazimu wewe? Kwa nini?"

"Kama nazikwa, nizikwe mwenyewe," Riziki akasema. "Nitakuwa chini ya shuka nasikiliza utakachosema."

*

Siku ya mazishi uwanja wa Bodi ulipambwa bendera. Wanawake waliletwa na malori, kama waletwavyo kwenye mikutano ya kupongeza, na kila mmoja akapewa leso ya kulilia yenye nembo ya Wizara. Riziki alilazwa kwenye jeneza la kuazima, akafunikwa shuka jeupe. Shuka lilikuwa fupi. Nyayo zikabaki nje.

Mheshimiwa Tambo akapanda jukwaani. "Ndugu wananchi! Leo ni siku ya furaha kubwa, kwa sababu tuna msiba!"

Wakapiga makofi, maana ndivyo walivyozoeshwa.

Ustadhi Makame, mshauri wa dini wa Bodi, alikuwa mtu mpole mwenye ndevu chache. Jana yake alikuwa amegoma. Alisema hatamsalia mtu aliye hai hata kama ataambiwa na nani, kwani huko atakakoulizwa hakuna Mwenyekiti wa Bodi. Wakabishana naye mpaka wakamruhusu asome maelekezo ya Wizara badala ya sala. Akasimama, akayasoma. Lakini alikuwa amezika watu miaka mingi, na ulimi wake mbele ya jeneza ulikuwa na njia yake. Kifungu cha kwanza, kwamba mazishi haya ni ya kielimu, kilitoka kwa mahadhi ya kuliza. Kifungu cha tatu kiliwaliza watu kweli.

Hilo ndilo lililowaponza. Bodi ilidhani inaigiza msiba, na katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyejua kuigiza msiba. Walijua kuufanya tu. Udi ulipofuka, wanawake wakasahau malori. Wakavua viatu, wakakaa chini, wakaanza kumlilia yule wa mikate aliyekuwa akisema ukinuna nuna lakini uji unywe. Leso za Wizara zikalowa.

Ustadhi alipofika mwisho wa karatasi, ulimi ukaendelea wenyewe. "Marehemu mnamshuhudiaje?"

"Mtu mwema!" uwanja ukajibu.

"Mnamshuhudiaje?"

"Mtu mwema!"

"Si mwema!" Mheshimiwa Tambo alinong'ona, akamvuta kanzu. "Ndiyo maana tumemuua!"

Lakini mara ya tatu ilikuwa imekwisha kuja. "Mtu mwema!" Na Ustadhi, macho chini, akaingia palipofuata. "Basi mumewe asogee, atoe radhi."

"Mume wao yuko safarini," akajibu afisa itifaki haraka, kwani na yeye alikuwa na mazoea yake.

Bi Kidawa akasimama katikati ya kina mama. "Safarini? Hata kumzika mkewe?"

"Apigiwe simu!" akapaza mwingine.

"Safari gani isiyo na kurudi? Huyo ni mume au barua?"

"Wangu mimi na ubaya wake wote," akasema Bi Kidawa, "alipokufa mke mkubwa alikuja kuzika na homa yake, anatetemeka! Mleteni huyo bwana tumwone! Hazikwi mtu hapa!"

Wakaanza kusogea mbele. Kamera zilikuwa zinaonyesha nchi nzima. Wajumbe wakatazamana kuona nani anaweza kuwa mume, na kila aliyetazamwa akainama kufunga kamba za viatu. Mheshimiwa Tambo akaona malori yaliyomletea watu wa kumshangilia yamemletea watu wa kumpiga. Akanyakua kipaza sauti.

"Sikilizeni! Hakuna mume! Hakuwahi kuwapo mume! Tulimtunga sisi hapa ofisini!"

Watu wakatulia. Ustadhi Makame akakohoa kwa adabu. "Mheshimiwa, jeneza haliondoki bila radhi. Kama mume hayupo, radhi anatoa nani?"

Vichwa viligeuka kimoja kimoja, kuanzia vya mbele, mpaka uwanja wote ukawa unamtazama mwanamke mmoja ndani ya buibui.

Mbele ya Semeni kijana wa itifaki alikuwa ameinua ubao wenye maandishi makubwa: AHSANTE KIFO. Pembeni ya ubao Mheshimiwa Tambo alimtolea macho. Semeni akayatazama maneno, halafu akazitazama zile nyayo zilizotoka nje ya shuka. Kisigino cha kulia kilikuwa na ufa. Yeye ndiye aliyekipaka mafuta ya nazi kila jioni, na jana hakukipaka, kwa sababu jana hawakusemezana.

"Nimekaa naye," alisema. Nchi nzima ikaijua ile sauti. "Alinilisha, nikamlisha. Akikasirika alinipa mgongo, lakini mguu wake aliuacha upande wangu. Nimekuwa naye kwa dhiki, na faraja alinipa yeye. Mimi niko radhi naye. Mungu naye awe radhi naye."

Shuka likatikisika.

"Ni upepo," afisa itifaki akatangaza.

Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti, ila hakuna aliyetaka kubishana. Wanawake walikuwa wamekwisha simama kupanga mstari wa kutoa mkono wa pole. Na kwa kuwa Mheshimiwa Tambo alikuwa karibu zaidi, mstari ukamsukuma yeye akawa wa kwanza. Alijaribu kutokea kushoto, Bi Kidawa akawa kushoto.

"Mpe pole mjane, Mheshimiwa."

"Mjane gani? Mimi..."

"Baba, unakataa kumpa pole mfiwa? Huna mama wewe?"

Kamera ikasogea. Kuna mambo mengi ambayo kiongozi wa nchi ile aliweza kuyafanya mbele ya kamera, lakini kumnyima mfiwa mkono haikuwa mojawapo. Akanyoosha vidole viwili.

"Pole," alisema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi kwake. "Pole, mjane."

Marehemu akabebwa hadi nyuma ya kantini, akashuka, akaomba maji.

*

Kesho yake Bodi ilikutana kuanzia asubuhi. Ikaonekana kwamba kosa halikuwa Lile. Kosa lilikuwa kifo. Mwanamke wa sinemani akifa, alisema mwanasheria wa Bodi, anaacha mtu. Aliyeachwa lazima apewe pole. Akipewa pole ni mjane. Na mjane, waheshimiwa, alikuwa na ndoa.

Ikatungwa Sheria ya Kuzuia Ujane. Tangu siku hiyo ikawa marufuku kwa wanawake wenye Lile kufa katika sinema yoyote, kwa kifua, maji, farasi wala treni. Zilizokuwa na vifo zikakatwa mwisho, wahusika wakaachwa hai, wamekaa mezani. Mheshimiwa Tambo alieleza kwamba huo ndio ulikuwa mpango wa Bodi tangu zamani. Bandani kwa Riziki wanawake walishangilia siku mbili. Siku ya tatu Riziki akaanza tena. "Haya, hawafi. Lakini mbona hakuna anayepika?"

Bado lilibaki suala la Semeni. Mwenyekiti alitaka aletwe mbele yake ajibu kwa nini hakusoma ubao. Mwanasheria akatoa kitabu, akakifungua kwa huzuni. Katika nchi ile mjane aliye edani haitwi ofisini, wala polisi, wala mahakamani, mpaka ipite miezi minne na siku kumi.

"Nani amesema ni mjane?" akafoka Mheshimiwa Tambo.

Wajumbe wote wakatazama dari.

Ikaamuliwa atumwe Ustadhi Makame, akahakikishe kama kweli yuko edani, na kama hayuko akamatwe. Ustadhi alikwenda mchana, akasimama mbali na mlango kama ipasavyo, uso ukitazama barabara.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," ikajibu sauti nene kutoka ndani, pamoja na harufu ya nazi inayochemka.

"Nimetumwa na Bodi. Naulizia mjane. Yupo?"

"Yupo chumbani. Hatoki, haonekani na wanaume. Eda ameishika barabara, hata jikoni nimemkataza."

"Alhamdulillahi," akasema Ustadhi. Akafikiri kidogo. Ile sauti ilikuwa na kifua, na ya mjane haikuwa hivyo. "Na wewe, bibi, niandike nani?"

Ndani mwiko ukasimama.

"Mimi ndiye marehemu."

Ustadhi Makame akatazama barabara muda mrefu. Alikuwa mtu aliyekwisha zika wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu. Ndevu zake zikacheza kidogo, akazishika zikatulia. Kisha akasema lile linalosemwa.

"Basi Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema."

"Amekwisha nilaza," akasema Riziki, na akaurudishia mlango polepole.